Tobi Amelala Chini ya Benchi

Jumamosi hiyo joto la Agosti lilikuwa limetukaba koo, lakini kijiwe ni kijiwe. Benchi letu liko nje ya uwanja wa kuchezea mbwa pale Falls Church, huku Marekani, na Fahmi wa Tanga huja na kahawa hata jua likiwaka vipi. Cherono, anayemtunza Bibi Lorraine, alikuwa amemleta Tobi, mbwa wa bibi huyo, wakakimbizana na mpira weee. Kisha Tobi akajilaza chini ya benchi, ulimi nje, akakataa kuinuka. Bibi alifiwa na mumewe wakati wa baridi, na huyo mbwa ndiye aliyebaki wa kumwamsha asubuhi.

— Nikimrudisha hivi, bibi hatamaliza wiki, alisema Cherono, machozi yakimlengalenga.

Basi madaktari wa kijiweni tukaingia kazini. Wa kwanza Mugo, fundi wa kompyuta, tunayemwita Injinia.

— Mbwa wa huku wamezoea eyakondishani, buda. Ukimtoa nje, sistimu inazima.

Boniface, dereva wa ubalozi, kwetu sisi ni Balozi kamili, akapinga. Kwake yeye lile dume jeusi la mbwa lililokuwa getini ndilo limemtupia Tobi kijicho.

— Mbwa wa Kimarekani ana kijicho?

— Injinia, kijicho hakiombi viza.

Mimi nami, nisipitwe, nikasema ana hamu ya mifupa, zile biskuti za dukani si chakula. Balozi akafunga kesi kwa methali: mbwa hafi maji akiona ufuko, kwa hiyo Tobi akiuona mlango wa kwao tu atapona. Tukaongezewa kahawa. Cherono alikuwa amepiga magoti nyasini, anampepea kwa kofia, wala hana habari na sisi.

Hapo akapita Vumilia, mgeni mtaani, ndiyo kwanza kashuka basi. Akatusalimu, akamtazama mbwa.

— Amekunywa maji?

Hakuna aliyekuwa amempa. Kwetu mbwa hujitafutia maji mwenyewe, nani aliwahi kumtengea? Hata Cherono alikulia Kericho, mto uko nyuma ya nyumba. Aibu ilitushika, kila mtu na kahawa yake mkononi.

Bomba lilikuwa pale pale getini, chombo hakuna. Fahmi, Mwislamu ambaye mbwa akikaribia huhama upande wa benchi, akamwaga kahawa yake, akakinga maji kwa kikombe, akakisogeza mpaka puani kwa Tobi. Ulimi ukaanza kulamba.

— Sheikh, hicho si ndicho unachonywea? aliuliza Balozi.

— Nitakiosha mara saba, alisema Fahmi, akarudi bombani kukijaza tena.