Bi Pima Tena Hakutia Saini

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mama mmoja mwenye kichwa kigumu, na nasema kichwa kigumu kwa heshima zote. Kazini walimwita Bi Pima Tena. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Bi Pima Tena, mkemia wa plutoniamu.

Plutoniamu ni metali hatari, na ina vituko vyake. Ukiiyeyusha kwenye asidi, haitulii. Inaweza kuwa katika hali nne, zinazohesabiwa kuanzia ya tatu hadi ya sita, ndani ya chupa moja, kwa wakati mmoja. Hali ya tatu ni ya buluu. Hali ya nne ni ya kahawia. Ya tano na ya sita nazo zina rangi zake. Asidi ikiwa hafifu, hali ya nne hujigawa yenyewe: nyingine inashuka kuwa ya tatu, nyingine inapanda kuwa ya sita, na hakuna aliyeigusa. Dada yake anacheka akikumbuka: "Akinunua blauzi ya buluu, hasemi ya buluu. Anasema, dada, leo nimevaa hali ya tatu!"

Sasa sikilizeni habari ya Jumatatu moja ya zamani. Maabara ina sakafu ya kijivu na makabati ya vioo yenye glavu nene za mpira. Ndani ya kabati moja kuna chupa ya sampuli kutoka mtamboni. Lebo inasema hali ya nne, na mwandiko ni wake mwenyewe, wa Ijumaa. Mkuu wa idara anataka saini yake ili mzigo wote uende hatua inayofuata, ya kutiwa maji. Saini tu. Yeye akaingiza mikono kwenye glavu, akachukua tone, akapima tena. Karibu nusu haikuwa hali ya nne.

"Sitii saini," akasema.

"Lebo si umeandika mwenyewe!"

"Niliandika Ijumaa, bosi. Leo Jumatatu. Asidi imekuwa hafifu, iongezwe kwanza. Mkitia maji, itaganda."

"Wewe ndiye wa kunifundisha kazi?"

"Leo, ndiyo."

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa nje ya geti na mkoba wake. Mwenzake akatia saini. Wakatia maji.

Ikaganda! Hali ya nne ikawa uji wa kijani, ukaziba mabomba, ukagoma kuyeyuka. Hakuumia mtu, nashukuru kulisema hilo. Lakini mtambo ulifungwa miezi mitano.

Mngedhani walimfuata kwa magoti. Wapi! Walimwandikia aombe radhi kwa utovu wa nidhamu, ndipo arudishwe kazini. Alikuwa mjane mwenye binti wa miaka tisa, na kazi ile aliipenda mno. Binti anakumbuka kwamba mama alikaa mezani akalia, akalia hasa. Kisha akajifuta uso, akajibu kwa maneno mawili: "Pimeni tena."

Hakurudi. Alifundisha kemia sekondari miaka ishirini na sita, na mwanafunzi aliyeamini lebo bila kupima alikiona cha moto.

Binti huyo leo ni mkemia katika maabara ileile. Jana ofisi ilimpa tangazo wanalotaka lisomwe hapa. Linasema mama "alistaafu kwa hiari". Wakamtaka atie saini kwa niaba ya familia. Asubuhi hii amekuja studio na karatasi hiyo, mahali pa saini pakiwa peupe.

Nikamwuliza, "Mwanangu, na kazi yako je?"

"Mama alikuwa na mtoto wa kulisha, na hakusaini," akanijibu. "Mimi nina kisingizio gani?"

Poleni sana, binti, dada na wanafunzi wake wote. Nasi tuliobaki, tujiulize: ni karatasi gani tumeitia saini wiki hii bila kutazama ndani ya chupa?

Tangazo la ofisi ninalo hapa mezani. Silisomi. Nasoma aliloandika binti kwa mkono wake: "Mama yangu hakustaafu. Alifukuzwa kwa sababu alipima tena."