Kimya cha Kununua

Ukitaka kumpata fundi wa kompyuta wa mtaa ule, usihangaike kugonga kibanda chake. Kazi anaifanyia nje, kwenye meza iliyosogezwa mpaka ubavuni mwa benchi, na kompyuta za watu zimefunguliwa matumbo hadharani bila aibu. Wanamwita Bisibisi. Benchini, kulia, hukaa Desimali, mwalimu mstaafu wa fizikia, ambaye ukimuuliza saa hukutajia na sekunde. Kushoto hukaa Soja, mlinzi wa ghala, ambaye saa hizo alipaswa kuwa amelala, ila anashikilia kwamba usingizi wa mchana ni wa wagonjwa. Muuza kahawa huegesha jiko lake hatua tatu tu kutoka hapo, maana anawajua: wakianza kubishana hawakumbuki wamekunywa vikombe vingapi. Jumamosi ile, saa tisa alasiri, wote walikuwa wanamngoja Kinasa.

Kinasa kazi yake ni kuchora vibao vya maduka, na mpaka mwezi uliopita alikuwa anaitwa Brashi. Jina jipya lilimjia kwa njia ngumu. Mama yake ana uvimbe kooni. Upasuaji ni Jumatatu asubuhi, na daktari, mtu asiyepaka maneno asali, alisema uvimbe utatoka na mama ataishi, ila sauti hakuahidi. Huku nyuma mke wa Kinasa ana mimba ya miezi saba. Sasa jumlisha mwenyewe. Kinasa alitaka mtoto wake aje amsikie bibi yake kwa sauti yake hasa, akimwambia yale anayotaka kumwambia. Na ile si sauti ya hivi hivi. Yule mama alifundisha shule ya watoto wadogo miaka ishirini na tisa, na nusu ya mtaa walijifunzia kwake kuhesabu na kufunga kamba za viatu, Bisibisi akiwemo.

Basi akanunua maikrofoni nzuri ya kunasia sauti, jina la Kinasa likamganda, akasimamisha godoro ukutani, akaziba dirisha kwa mablanketi mawili, akawasha kompyuta na kujaribu. Maikrofoni ikanasa kila kitu, na zaidi ya yote ikainasa kompyuta yenyewe, inakoroma kama mtu mwenye mafua. Hiyo ilikuwa wiki tatu nyuma. Hapo mtu mwenye akili zake angefanya nini, sijui. Alichofanya Kinasa ni kwenda kijiweni kuomba ushauri, na kijiwe hakijawahi kumnyima mtu ushauri.

Bisibisi alimwambia feni ndogo huzunguka mbio ndiyo maana inapiga kelele. Alete feni pana, izunguke taratibu. Ikaletwa. Feni ilipotulia ndipo wakaisikia diski inakwaruza, wakaitoa, wakaweka ile ya kisasa isiyozunguka. Diski ilipotulia wakasikia kasha lenyewe linatetemeka, wakalikalisha juu ya vipande vya mpira wa tairi. Kelele ni kama foleni ya hospitali, akiondoka wa mbele ndiyo unamwona wa nyuma yake. Asubuhi ya Jumamosi Desimali mwenyewe alikwenda nyumbani kwa Kinasa na kipima sauti alichozawadiwa siku ya kustaafu, akapima chumba kizima kona hadi kona, akatoka anatabasamu. Kazi imekwisha, alisema.

Kinasa alipofika alikaa bila hata kusalimia.

– Bado, alisema.

– Bado nini tena? Bisibisi akauliza.

– Kuna mluzi. Mwembamba sana, kama mbu aliye chumba cha pili. Unatoka kwenye kile kisanduku cha kuingizia umeme, ndani ya kompyuta.

Desimali akaweka kikombe chini. Alisema kifaa hakikuona mluzi wowote, na kifaa hakina sababu ya kusema uongo.

– Lakini mimi nausikia, Mwalimu.

– Unachosikia wewe ni maoni, bwana. Kilichosomwa na kifaa ndiyo sayansi.

Hapo Soja, aliyekuwa amefumba macho watu wakidhani amesinzia, akauliza kama kile kifaa kinasikia. Desimali akamweleza kwa upole kwamba hakisikii, kinapima. Soja akataka kujua, kama hakisikii, kimejuaje kwamba hii ni kelele na hii ni mama anaongea. Desimali akasema hakijui, kinatoa namba tu. Soja akafungua jicho moja.

– Kwa hiyo mmemwita kiziwi aje awaamulie habari ya sauti.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga. Desimali hakucheka. Alianza kueleza mawimbi, na mtu akianza kueleza mawimbi pale benchini ujue kahawa inaongezwa.

Soja alikuwa na nadharia yake, na aliitoa kwa uzito wa mtu aliyekesha miaka kumi na tisa. Alisema kimya hakijawahi kuwepo duniani. Yeye amekaa ghalani mlango umefungwa, hakuna gari, hakuna panya, na bado kimya chenyewe kinalia, nziiii, mpaka mtu unatamani mwizi aje mzungumze. Wahenga walishalimaliza jambo hili zamani, alisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga walikuwa na maana nyingine kabisa, lakini nani angemwambia, wakati hata Desimali alitikisa kichwa kukubali. Soja akaendelea. Ule mluzi, alisema, haumo kwenye kompyuta, umo kichwani mwa Kinasa, ni damu yake mwenyewe inapita masikioni. Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa ni kumtoa Kinasa chumbani.

– Nikitoka nani atabonyeza? Kinasa akauliza.

Hilo Soja alisema ni la kitaalamu, aulizwe fundi.

Fundi naye hakukubali kazi yake ibambikiziwe damu ya mtu. Yeye alisema tatizo ni nafasi iliyobaki ndani ya kasha, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Lijazwe sponji mpaka juu. Desimali akamkumbusha kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inatoa moto, na sponji ingeiva. Basi, Bisibisi akasema, kompyuta ichimbiwe shimo uani, ifunikwe na sinia, waya upite dirishani. Soja akapinga kwamba mficha uchi hazai. Hakuna aliyeelewa uchi umeingiaje, ila ulisemwa kwa sauti ya kuaminika na wazo la shimo likafa palepale.

Ndipo Desimali akachukua kijiti akaanza kuchora chini. Sauti, alisema, haipiti pasipo hewa. Kompyuta iwekwe ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote na mchezo umekwisha. Bisibisi akamuuliza moto utatokaje pasipo hewa. Desimali akafikiri, akafuta, akachora upya. Safari hii chombo kilikuwa kikubwa, na kompyuta ilikuwa nje yake.

– Ndani ya hicho yumo nani sasa? Kinasa akauliza.

– Maikrofoni. Na msemaji.

– Mama? Atapumua nini?

Desimali alianza kuufuta ule mchoro kwa kiatu. Akasema hilo ni suala la baiolojia, na yeye alikuwa wa fizikia.

Walicheka wote, na Kinasa alicheka pia, ila kicheko chake kiliisha kabla ya vya wenzake. Alikuwa mtu wa mkono thabiti. Herufi zake hazijawahi kupinda kwenye kibao. Na hata zingepinda, angechukua kibao kingine. Kila akiwasha maikrofoni na kusikia ule mluzi, anamwona mtoto wake, mkubwa, amekaa mahali, anajaribu kumsikia bibi yake na mdudu anaimba juu ya sauti ile. Na hakuna wa kurudia. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi, kwamba hii ni kazi isiyo na kibao cha pili.

Soja hakuwa amemaliza na kifaa. Aliuliza kama kifaa hakina mlio wake chenyewe. Desimali, ambaye hajui kudanganya, alikiri kwamba kila kifaa kina kelele yake ya ndani, na chini ya hapo hakioni kitu. Soja akauliza nani aliipima hiyo ya ndani. Kifaa bora zaidi, huko kiwandani. Na hicho kilipimwa na nani? Kilicho bora kuliko hicho.

– Na cha mwisho kabisa, Mwalimu, hicho kilipimwa na nani?

Mwalimu mstaafu alikunywa kahawa, na kikombe kilikuwa kitupu. Alipokishusha, ile sauti ya darasani ilikuwa imemtoka.

– Nimefundisha mawimbi miaka thelathini na mbili, alisema. Sauti ya marehemu mke wangu naijua mpaka namba yake. Niliwahi kuipima maabara, tukiwa wachumba, alikuja kuniletea chakula nikamwambia sema kidogo hapa. Namba ninayo mpaka leo, imeandikwa kwenye daftari. Naweza kuifungua nikaisoma saa yoyote. Lakini kuisikia, siisikii. Sayansi inafika pale, inakuachia namba mkononi, inarudi zake.

Soja akatazama chini. Muuza kahawa akajaza kile kikombe bila kuulizwa.

Sasa hapo, jamani, ndipo watu wanne wazima walipopewa jibu mkononi, na ngoja nikwambie walilifanyia nini. Bisibisi alipangusa jicho, akasema kwa sababu hiyohiyo hakuna kulegeza kamba. Sauti ya mama haiwezi kunaswa na mashine yenye mluzi, liwe liwalo. Kuna kisanduku cha umeme kisicho na feni kabisa, kizito, hakitoi hata pumzi. Amekiona kwa macho yake katika duka moja kule mjini. Desimali alikubali, tena kwa hamasa, akasema data mbovu ni mbaya kuliko kukosa data. Soja alisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Walikuwa wameungana kwa mara ya kwanza tangu feni ya kwanza.

– Leo duka limeshafungwa, kesho ni Jumapili, Bisibisi alisema. Jumatatu asubuhi na mapema nakwenda mwenyewe.

– Jumatatu, Kinasa akaitikia, na akaona kama mzigo umepungua begani.

Na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Walishapotelea huko.

Aliyewafuata huko alikuja kwa miguu, pole pole, amejifunga mtandio shingoni japo kulikuwa na joto. Bisibisi ndiye aliyemwona kwanza, akasimama wima na kuficha sigara nyuma ya mgongo, mtu wa miaka arobaini. Shikamoo zikamiminika kutoka benchi zima. Mama yake Kinasa aliziitikia moja moja, marahaba, marahaba, hakumruka mtu. Soja akamwachia nafasi yake, mama akakaa. Sauti ilikuwa chini kidogo ya ile waliyoizoea, ina mikwaruzo pembeni, lakini ilikuwa ni yeye.

– Mwanangu, alimwambia Kinasa, uliniweka kwenye kile kiti saa saba. Ukaniambia ninyamaze unasikiliza mashine, unakuja sasa hivi. Nimenyamaza. Mkeo ameacha vyombo karoni, anatembea kwa ncha za vidole na tumbo lile. Jana ilikuwa vilevile, na juzi.

Kinasa alifungua mdomo kuomba radhi. Mama akainua kiganja, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wa miaka minne.

– Sigombi. Najua unanitafutia kilicho kizuri. Nina swali moja tu, na hapa naona pana mafundi na walimu. Mimi niongee lini?

Kinasa alimgeukia Bisibisi. Bisibisi alimgeukia Desimali. Desimali, ambaye saa yake husema na sekunde, aliitazama ile saa mkononi kama ameazimwa leo. Soja alikuwa amefumba macho tena, lakini safari hii hakuna aliyedhani amesinzia. Ndipo hesabu ikamwangukia Kinasa yote kwa mpigo: duka Jumatatu asubuhi, hospitali Jumatatu asubuhi, na wiki tatu ambazo mama yake alikuwa mzima, ana sauti, na yeye ndiye aliyekuwa akimwambia nyamaza. Machozi yakamlenga. Alijipapasa mfukoni, akatoa simu yake, kioo kimepasuka, kimejaa madoa ya rangi, akapiga magoti vumbini mbele ya benchi.

– Sasa hivi, mama, alisema. Ongea sasa hivi.

Pikipiki ilipita. Mezani kwa Bisibisi, kompyuta ya mteja ilikuwa inavuma, na fundi akainama haraka kutafuta waya wake auchomoe.

– Iache, mama alimwambia. Mtoto mwenyewe anakuja kuishi humuhumu.

Akaurekebisha mtandio, akaisogelea ile simu jinsi mtu anavyosogelea sikio la mtoto.

– Mjukuu wangu, ni mimi bibi yako. Baba yako amepiga magoti hapa analia, usimcheke, amechelewa kidogo tu. Kaa vizuri nikwambie siku aliyozaliwa.