Rhobi Werema na Mlango Uliokuwa Wazi

Padre, mwenyekiti wa mtaa, wakwe zetu wa hapa Bunda na ninyi wa kwa Werema mliotoka Butiama, mimi ni Bibi Hyasinta wa Kisorya, mzaa mama, darasa langu ni la nne, kwa hiyo nitasoma polepole na mtanivumilia.

Marehemu Rhobi alizaliwa tarehe 14 Machi 2000, kijijini kwa baba yake, Butiama, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza shule ya msingi mwaka 2007 na kumaliza mwaka 2013, hesabu alikuwa hajui lakini kubishana alijua.

Desemba 2014, msimu wa kukeketa wasichana, alifungiwa ndani akisubiri siku yake, na kabla siku haijafika akatoka, akatembea hadi barabarani, akafikishwa kwenye nyumba ya kulea wasichana waliokimbia, mjini Musoma, ndiko alikojifunza cherehani.

Mwaka 2016 watu wa kampeni ya kupinga kukeketa, wa ofisi moja pale Iringo, mjini Musoma, walimpiga picha ya bango, wakitaka apendeze, wakamvika kitenge kipya na shanga, wakampa na mwamvuli, chini wakaandika kwamba huyu alikataa. Sasa ninyi mnajua mwali akishakeketwa anavyotolewa nje, kitenge kipya, shanga, mwamvuli, na sokoni wangapi wanasomaga maandishi? Akina mama walipiga vigelegele mbele ya bango, shangazi yake akapiga simu kumpongeza, na mdogo wake Matrida, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akasema na yeye apelekwe, kwani si hata dada ameshapita.

Hapo Rhobi alipanda juu kwa hasira. Alikwenda Iringo mwenyewe, akamkuta dada Jeska wa ofisi ile, yule amekaa pale nyuma, akaambiwa, "Lakini mdogo wangu, ulisaini," naye akajibu, "Nilisaini nipewe godoro, dada, sikusaini kubandikwa stendi," na kwa haki ya Mungu Jeska hakubisha, mabango yaliondolewa yote, Matrida akaletwa kwangu Kisorya na hajaguswa hadi leo, na tangu hapo pale ofisini picha haitoki mpaka mwenyewe aione, asomewe maneno yake, na akisema hapana inakuwa hapana.

Kuanzia mwaka 2018 alifungua kibanda chake cha ushonaji Nyakato, hukohuko Musoma, na wakimwita kwenye mikutano alikwenda na nguo yake mwenyewe, akasimulia mwenyewe, ila kila akifika kwenye kile chumba alimofungiwa alisema, "Mlango ulikuwa wazi," akarukia habari za barabarani. Mlango ule ulikuwa na komeo kwa nje, jamani, haukujifungua. Wenye kamera walimbembeleza, wakasema watazamaji watalia wakijua ni nani aliyefungua, na mimi nilitaka kujua kuliko wao, nilimuuliza jikoni, nilimuuliza shambani, akaniambia, "Bibi, nusu hiyo siyo yangu, mwenyewe bado anakula kwenye nyumba ile."

Tarehe 12 Juni 2021 alifunga ndoa na Chrispin, mvuvi, mtu wa maneno machache, ilibidi, na mwaka 2022 wakapata mtoto mmoja, Lukresia.

Mwezi wa nne mwaka huu alianza kuvimba miguu, hospitalini Musoma wakaona ni figo, akahamishiwa Mwanza, nikamuuguza mimi. Siku moja nikamwambia, sasa niambie mimi, nitakufa nayo, akacheka na mipira yake puani, akasema, "Bibi, na mdomo huo, wewe unakufa lini?" Alifariki tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, hajasema.

Dada Jeska aliomba kurekodi msiba huu, nikamwambia amuulize Chrispin, Chrispin akasema hapana, naye akaizima simu yake, nashukuru.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza, majirani wa Nyakato, mafundi cherehani wenzake walioshona nguo anayozikwa nayo, na wavuvi waliotuletea samaki.

Tena namshukuru mtu mmoja wa kwa Werema. Nimewaangalia tangu asubuhi mlivyokaa, mke mkubwa, mke mdogo, shangazi, baba mwenyewe, na wewe binti yangu uliyemzaa, macho yangu hayajaambulia kitu, na wapo waliotoka na fimbo siku ile kumtafuta ambao hata hao siwezi kuwatoa kwenye hesabu. Ni nani, natamani sana kujua, lakini usinyanyuke, kaa hapohapo ulipo, wala usilie kuliko wenzako, asante.

Rhobi, mjukuu wangu, nimeishia pale ulipokuwa unaishiaga wewe, pumzika kwa amani.