Kigoda cha Gati

Mikono yote miwili imo kwenye kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo. Ni Jumamosi asubuhi. Mwanamke amepiga magoti ndani ya kanisa dogo la udongo, upande wa Kewanja, kule Tarime. Anasiriba sakafu. Ameanza mbele, penye altare, na anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Zimebaki hatua mbili tu. Anasimama, anajishika kiuno. Anamwambia mwenzake aliyeleta maji, "Hapa mlangoni tutamalizia kesho, kabla watu hawajaingia."

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mwanamke huyo aliitwa Gati binti Marwa. Kesho yake hakuamka. Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na sita Julai, mwaka huu wa 1959. Nilifika kijijini siku kumi na mbili baadaye. Ile sehemu ya mlangoni ilikuwa bado haijasiribwa.

Ninawaomba mshike mambo mawili. La kwanza, Gati alisiriba sakafu ya kanisa kila Jumamosi kwa miaka sita. La pili, Gati hakubatizwa. Alitamani ubatizo kuliko kitu chochote, na hakuupata. Narudia, hakubatizwa. Leo nitawaeleza ilikuwaje, kama nilivyoelezwa na watu waliokuwapo.

Gati alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Wakurya wana desturi yao kwa mama wa namna hiyo. Anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto ambao binti yule anazaa na mwanamume aliyechaguliwa wanakuwa watoto wa nyumba yake. Nyumba haifi. Mwaka 1953 Gati alimwoa binti kutoka Kisaka, ng'ambo ya mto Mara. Binti huyo anaitwa Waisiko. Ndiye aliyeleta maji Jumamosi ile. Yeye humwita Gati mama.

Mwaka uleule Gati alianza kusikiliza mafundisho ya dini. Mwalimu wake alikuwa katekista Stanslaus. Siku moja Stanslaus aliwafundisha kwamba Mungu yupo, hata nyumbani mwao, hata jikoni, kwa hiyo wamkaribishe.

Wengine walisikia, wakaenda zao. Gati alikwenda nyumbani, akatoa kigoda cha miguu mitatu, akakifuta, akakiweka karibu na mlango. Mgeni akikaribishwa, si hupewa kigoda? Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Na tangu siku hiyo Gati hakutulia. Waisiko anasema, "Alikuwa anapika, anaacha sufuria, anakwenda kuchungulia nje. Analima mpaka katikati ya tuta, anarudi nyumbani mbio. Namuuliza, mama, umesahau nini? Anasema, hapana, nimeangalia tu."

Miaka mitatu, wasikilizaji wapendwa. Miaka mitatu kigoda kilifutwa kila asubuhi.

Waisiko ana mdomo mwepesi, hata katika msiba. Alimtania Gati, "Mgeni wako anachelewa, mama. Labda ameuliza njia kwa walevi."

Gati akamjibu, "Nyamaza wewe. Koroga uji."

Siku moja Waisiko alirudi kutoka mtoni, ana mimba ya pili, akajisahau, akakikalia. Gati alimpigia kelele mpaka majirani wakatoka nje. Waisiko anasema, "Kigoda kile kilikuwa na heshima kuliko mimi."

Ikafika Kwaresima ya mwaka 1956. Jina la Gati likawa kwenye orodha ya watakaobatizwa Pasaka. Lakini kulikuwa na sharti. Ndoa ile ya mwanamke kuoa mwanamke, kanisa halikuikubali. Waisiko arudi kwao kwanza.

Stanslaus alimpelekea habari. "Mama, si mimi niliyesema."

"Najua si wewe. Na mtoto, na huyu wa tumboni?"

"Watakwenda na mama yao."

Mimi sikuwapo, na sitaki kumhukumu mtu. Stanslaus alifikisha alichotumwa. Gati alichagua. Alichagua ubatizo.

Wakaondoka alfajiri, mwezi Machi. Waisiko amebeba mzigo kichwani na mimba tumboni. Gati amembeba mgongoni mtoto wa kwanza, aliyekuwa ndio kwanza ameanza kutembea. Waisiko anasema njiani Gati alitembea mbele, haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Walipofika mto Mara, mto ulikuwa umefurika. Mwenye mtumbwi, mzee mmoja aitwaye Heche, hakutaka hata kuufungua.

Gati akamwambia, "Tuvushe, mzee. Nina haraka."

"Haraka ya kwenda kuliwa na mamba? Ngojeni maji yapungue."

"Mpaka lini?"

"Uulize mto, bibi. Mimi nina mtumbwi tu."

Wakangoja. Mvua ilikuwa imenyesha, ukingo wote ni tope. Gati alikuwa akienda huku na huku, na mtoto mgongoni. Waisiko miguu ilikuwa imevimba. Alisimama mpaka akashindwa, akakaa chini kwenye tope, na nguo yake, na mimba yake.

Gati akasimama. Akaangalia kulia na kushoto. Alikuwa anatafuta jiwe au gogo, kitu chochote cha kumkalisha. Hakukuwa na kitu. Akabaki amemtazama. Waisiko anasema alimtazama muda mrefu, mpaka akaogopa.

Kisha Gati akasema, "Inuka. Turudi."

"Tumesahau nini, mama?"

"Kigoda."

Walirudi njia yote ile. Walipofika nyumbani Gati hakukifuta kile kigoda. Alikivuta karibu na moto, akasema, "Kaa."

"Na mgeni wako je?"

"Nimesema kaa."

Waisiko akakaa, na tope lake lote. Gati akamwosha miguu.

Keshokutwa yake Gati alikwenda kwa Stanslaus. Stanslaus mwenyewe amenieleza maneno yao. Gati alisema, "Mwalimu, Pasaka hii mimi simo. Kigoda kimepata mtu."

"Nani?"

"Waisiko."

"Mama, Waisiko si Mungu."

"Najua si Mungu. Anakoroma. Lakini alipokaa, niliacha kuchungulia mlangoni."

Pasaka ile majina yalisomwa. La Gati halikusomwa. Jumamosi iliyofuata alikuja na ndoo yake, akasiriba sakafu. Jumapili akakaa mlangoni, mahali pa wasiobatizwa. Hivyo hivyo kwa miaka mitatu mingine.

Msidhani alipata amani yote, wasikilizaji wapendwa. Sitaki kuwadanganya. Waisiko anasema jioni nyingi Gati aliacha kula, akamuuliza, "Unafikiri nilikosea?" Naye alikuwa akimjibu, "Mimi niliyekalia kigoda, unaniuliza mimi?" Wote wawili walicheka. Na kesho yake Gati aliuliza tena.

Nilimuuliza Stanslaus kama kulikuwa na nafasi ya kumbatiza katika hatari ya kufa. Alifungua daftari lake la wanafunzi wa ubatizo. Jina la Gati limo. "Niliambiwa nilifute," alisema. "Sikulifuta. Sikulisoma pia. Jumamosi ile maji yalikuwapo kanisani, kwenye ndoo yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kijiji cha pili kufundisha." Akalifunga daftari, akalifungua tena.

Kwako Waisiko, kwa watoto wako watatu, na kwako mwalimu Stanslaus, tunawapa pole. Pole pia kwa ndugu wote wa Kewanja na wa Kisaka. Mungu awashike mkono.

Nanyi mnaonisikiliza, sina fundisho kubwa la kuwapa. Nina swali, na limenisumbua njia nzima. Tuseme nami nyumbani mwangu nimeweka kigoda kwa ajili ya Mungu. Ni nani amekaa kwenye tope wakati kigoda kile ni kitupu? Jiulizeni nanyi, taratibu, kabla hamjalala.

Nilipofika kwa Waisiko alinivutia kigoda. Cheusi, cha miguu mitatu. Nilisita. Akasema, "Kaa, mgeni. Ndiyo kazi yake." Nikakaa.

Baadaye alinipeleka kanisani. Ndoo ilikuwa pale mlangoni, amekwisha kuchanganya udongo na kinyesi, amefunika kwa jani la mgomba. Nilimuuliza kama atazimalizia zile hatua mbili.

Akafunua jani, akaingiza kidole, akatikisa kichwa.

"Bado haujashika," alisema. "Kesho."