Muuguzi Aliyeletwa kwa Miaka Miwili

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba nisome maisha ya marehemu Mama Mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Sista. Nakala mlizoshika zimeandikwa kwa mkono na watoto wa shule, kwa sababu mashine ya kuchapa iko ng'ambo ya mto, na mto haupitiki. Mkiona mahali zinatofautiana, fuateni hii ninayosoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili na wa mwisho kwa baba fundi mwashi na mama mshonaji. Kwao ni vilima vya nyasi. Alikuwa akitusimulia kwamba kwao unamwona mgeni tangu yuko mbali, unabandika chai, na akifika mlangoni imeshaiva. Sisi ambao mgeni tunamwona akiwa tayari uani tulidhani anatutania.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari, na mwaka 1983 akapata cheti cha uuguzi. Alifanya kazi hospitali ya mkoa kwa miaka miwili. Tarehe 10 Februari 1986 alifika hapa kwa miguu, mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, akiwa na miaka ishirini na minne. Barua yake ya kazi ilisema atakaa miaka miwili.

Aliulizia jua kabla hata ya kuulizia nyumba. "Huku linatoka saa ngapi?"

Mwenyekiti wa wakati huo akamjibu, "Linatoka saa kumi na mbili kama kwenu, Sista. Kutufikia sisi chini ya miti ni saa nne."

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya mbao na friji ya mafuta ya taa. Vidonge viliota ukungu ndani ya makopo. Gauni lake jeupe halikukauka kwenye kamba, akawa analikausha juu ya moto, ndiyo maana sisi aliotupokea duniani tunamkumbuka kwa harufu ya sabuni na moshi pamoja. Nguo zake nyingine hakuzitoa kwenye sanduku la bati. Alichukua ya kuvaa, akaifua, akairudisha. Watoto tukamwita Sista Sanduku. Siku moja tukipita dirishani tunacheka, akasema bila kugeuka, "Sanduku lina masikio, na sindano ninayo."

Aliweka utaratibu ambao mpaka leo tunaufuata. Mto unafunga kuanzia Oktoba, kwa hiyo kila mjamzito wa mashambani alihamia karibu na zahanati kabla mwezi huo haujaingia, atake asitake. Waume wakilalamika nani atawapikia, aliwaambia, "Pika mwenyewe. Mimi siwezi kumzalisha mtu kwa kumpigia kelele ng'ambo ya maji." Kabla yake, kila mvua ilichukua mzazi. Katika miaka yake yote thelathini na miwili tulipoteza wanne, na yeye aliwakumbuka wote wanne, kila mmoja na siku yake.

Kila Januari aliandika barua ya kuomba uhamisho. Barua zilibebwa na baba yangu mzazi, aliyekuwa tarishi wa kijiji. Mwaka 1991 aliandika akieleza kwamba mama yake ni mgonjwa na hana wa kumuuguza. Mwezi Mei jibu likaja. Alikuwa amehamishiwa hospitali ya karibu na kwao, na alitakiwa aripoti kazini kabla ya Julai.

Barua hiyo haikumfikia. Baba aliifungua njiani. Hakusoma sana, lakini neno "uhamisho" alilitambua. Mama yangu alikuwa na mimba yangu, na kabla yangu alishazika watoto wawili. Baba aliificha barua darini. Haya nayasoma kwa ruhusa yake, na yupo hapa, amekaa benchi la mbele.

Mama wa Sista alifariki mwaka 1992. Habari zilimfikia baada ya wiki tano.

Tarehe 12 Juni 1993 marehemu alifunga ndoa na baba yangu mdogo, mpasua mbao. Baba Mdogo alikwenda zahanati mara tatu ndani ya mwezi mmoja na kidole kilichokatwa. Mara ya tatu Sista akamuuliza, "Mpasua mbao wa vidole hivi, ana shida ya kazi au ana shida nyingine?"

"Nyingine, Sista."

Alikubali kwa sharti kwamba uhamisho ukija wataondoka pamoja. Mungu akawajalia watoto wawili, wa kiume mwaka 1994 na wa kike mwaka 1998.

Mwaka 1996 alijibiwa kwamba ombi lake halitafikiriwa, kwa kuwa aliwahi kuhamishwa akakataa kuripoti. Alidhani wamemchanganya na mtu mwingine, akaandika kusahihisha. Akamuuliza tarishi, ambaye sasa ni shemeji yake, kama kuna barua iliwahi kupotea. Baba akamjibu, "Mvua, shemeji. Karatasi huku zinaoza." Kila mwaka aliandika, na kila mwaka akajibiwa sentensi ile ile.

Mwaka 2009 baba alijikata mguu kwa panga. Sista akiwa katikati ya kumshona, baba akamwambia yote. Marehemu hakuinua uso. Alisema, "Tulia, mguu usicheze." Alipomaliza kufunga uzi wa mwisho, akauliza, "Inayo tarehe?"

"Inayo. Mei, tisini na moja."

"Iko wapi?"

"Nyumbani."

"Niletee. Na Jumatatu urudi nitoe nyuzi."

Jumatatu alizitoa. Kwa mwaka mzima baada ya hapo alimtibu baba akiumwa, lakini nje ya zahanati hakumsemesha. Kisha siku moja alikuja nyumbani, mama akamwekea chai. Akamtazama baba, akasema, "Shemeji, ungeniomba tu. Ningekaa mpaka mtoto azaliwe, ndiyo niende."

Sista hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alikunywa chai, akaosha kikombe mwenyewe, akaondoka.

Mwaka huo aliandika tena akieleza kilichotokea. Akajibiwa kwamba umri wa kustaafu umekaribia. Alistaafu Machi 2016, na wa kupokea funguo hakuletwa. Alikuwa akiufunga mlango wa zahanati leo, kesho mtu anagonga, anaufungua. Wanangu wote wawili wamezaliwa mikononi mwake akiwa mstaafu.

Septemba mwaka huu, 2018, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alijipima mwenyewe, akasema moyo umechoka kusukuma, anahitaji hospitali. Tulingoja apate nafuu kidogo, na hilo lilikuwa kosa letu. Tarehe 3 Novemba wanaume wanane walimbeba kwa machela hadi mtoni. Daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji, na mwenye mtumbwi alikataa kuvuka. Tulisimama pale saa tatu nzima. Yeye ndiye aliyesema, "Nirudisheni, wanangu. Mvua inawalowesha bure."

Alifariki Jumanne tarehe 6 Novemba 2018, saa tatu asubuhi, katika chumba cha pili cha zahanati, akiwa na miaka hamsini na saba.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na sisi aliotupokea duniani, ambao daftari lake linatuhesabu 1,316. Ameacha pia kaka yake mkubwa. Yuko ng'ambo ya mto tangu jana na ndugu watatu. Wakati nasoma haya wamesimama ukingoni, na hatuwezi kusikizana.

Marehemu aliomba azikwe kwao, kando ya mama yake. Hilo leo hatukuliweza. Jana wazee, Baba Mdogo na baba yangu walikaa, wakakubaliana kwamba kaburi hili lisijengewe saruji. Maji yakipungua, kaka yake atavuka na kusema anavyotaka. Akisema dada yake aende, tutamfukua kwa heshima, wanaume wale wale wanane watambeba hadi barabarani, na hakuna mtu wa kijiji hiki atakayemzuia.

Mungu ampe Mama Mdogo pumziko la amani, hapa kwa sasa, au kwao.