Mkamwana Kutoka Ng'ambo

Mugonile, wapendwa. Mchungaji amesema niwe mfupi. Nitajaribu, ingawa mnanifahamu.

Mimi niliishia darasa la tano hapa hapa Bujonde. Nilianza kwa kubeba magunia ya kakao kwa baiskeli ya kuazima. Leo mashine ya kukoboa mpunga pale njia panda ni yangu, na nyumba yenye vigae sakafuni ni yangu. Nayasema haya ili mwelewe kwa nini wale wageni waliletwa kwangu na si kwa mwingine.

Walikuwa vijana, mtu na mke wake, wametoka ng'ambo kwa kazi ya injili. Mume alikuja kufundisha kwaya na kusaidia ujenzi, mke ni nesi. Wakasema hawataki hoteli ya mjini, wanataka kuishi kama sisi. Nikasema kimoyomoyo, tutaona.

Ndugu zangu, nawaambia, walijitahidi. Binti alimsalimia kila kiumbe "ugonile," hata mbuzi wangu. Kijana alikula ndizi za kupika mpaka akashindwa kuinuka. Siku ya soko binti alikwenda Lyulilo na mke wangu, akarudi na chungu kichwani, shingo imepinda, watoto wanamfuata wakiimba. Jumapili iliyofuata nikasimama hapa hapa nikasema, "Kuanzia leo kijana huyu ni mwanangu wa kumzaa, na huyu ni mkamwana wangu!" Mkapiga vigelegele. Nikakaa kifua kimejaa.

Kumbe nimejifunga. Akina mama wa hapa hawachezi na neno kama hilo. Walimweka binti jikoni wakamfundisha: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani, anaacha njia. Hali naye, hasemi naye, haingii chumba alicholala. Yule binti akafundishika kuliko mabinti zetu. Mimi nikitokea huku, yeye huyoo, kitenge usoni, ameingia kwenye mpunga, matope mpaka magotini. Watu wa Ndandalo waliokuja kukoboa wakabaki wameduwaa. Nikawaambia, "Mmeona? Mpaka Ulaya naheshimiwa."

Ikaja masika. Upepo ukang'oa bati la choo cha wale vijana. Fundi alichelewa, nikapanda mwenyewe. Nikateleza, bati likanichana mguu kuanzia chini ya goti. Hospitali walinishona, wakaniambia nirudi kusafishwa kidonda. Nirudi wapi? Maji yalifunika barabara, hata pikipiki haipiti. Mguu ukavimba, ukaanza kunuka, homa ikapanda.

Na nesi yuko uani kwangu! Alikuja na mkoba wake mpaka mlangoni. Shangazi yangu akasimama katikati ya mlango, akamwambia, "Mama, humo hamwingiliki. Kalala baba mkwe wako." Binti akarudi nyuma. Alikuwa amefundishwa kwao kwamba akifika kijijini asivunje mila ya watu. Basi akazunguka, akaniuguza kupitia ukutani.

"Muulize baba, kidonda kina rangi gani?"

Mke wangu akanigeukia. "Anauliza rangi."

"Nimesikia! Mwambie kijani."

"Anasema kijani."

"Kinanuka?"

"He!" mke wangu akamjibu. "Kwani wewe huko nje hukisikii?"

Mumewe akajaribu kunisafisha yeye. Aliona usaha, akaketi chini, macho yakageuka. Tukawa na wagonjwa wawili.

Halafu nikamsikia binti analia nyuma ya ukuta. "Atakatwa mguu. Mimi niko hapa, na atakatwa mguu."

Wapendwa, niliogopa. Nikamwita shangazi. "Shangazi, mruhusu aingie."

"Mimi ndiye niliyesema ni mkamwana? Neno umelisema kanisani, kalifute kanisani."

"Siwezi kutembea."

"Utabebwa."

Mimi sijabebwa na mtu tangu nilipoachishwa kunyonya. Siku ile nilibebwa juu ya kitanda cha kamba, mvua inanipiga usoni, watu wanatoka majumbani kuungana nasi wakidhani ni msiba. Mmoja akauliza, "Kafa saa ngapi?" Nikajibu mwenyewe, "Bado!"

Wakaniweka hapa mbele. Nikasema, "Kijana huyu si mwanangu. Niliropoka. Mwanangu ni huyu binti. Kijana ni mkwe tu, ameoa kwangu."

Shangazi akadakia, "Mwanao! Umemzaa lini, na nani?"

Mke wangu akasimama, nguo zinachuruzika maji. "Kamzaa na mimi. Nani anabisha?"

Hakubisha mtu.

Binti alikuwa pale mlangoni, kajifunika. Akina mama wakamsukuma taratibu. Akashusha kitenge, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya vigelegele, akasema, "Baba, lala vizuri." Akanawa mikono, akakifungua kidonda hapa hapa mbele ya madhabahu. Nililia. Machozi mengine yalikuwa ya maumivu, mengine sijui. Baada ya hapo alinisafisha kila siku, chumbani kwangu, mpaka nyama ikajaa.

Nawashukuru waliobeba kitanda, najua mimi si mwepesi. Namshukuru shangazi, aliyenikatalia mpaka nikatafuta njia iliyo sawa. Mke wangu, wewe nitakushukuru nyumbani. Na kijana naye anahitaji pole, maana sasa ni mkwe, haruhusiwi kukaa jikoni kwa mama mkwe wake. Anawekewa ndizi nje. Ananung'unika, namwambia avumilie, kaoa pazuri.

Ninalotaka mlichukue ni hili. Mgeni akija kuishi nasi, tusimpe cheo cha ukoo ili sisi wenyewe tung'ae. Mimi nilikuwa natafuta sifa, binti wa watu akalishika neno langu kuliko nilivyolishika mimi, na karibu linigharimu mguu. Mkitaka kumwita mtoto wenu, kwanza mjiulize kama mko tayari awe mtoto.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Acha kukaa huko nyuma. Njoo huku mbele, ukae karibu na baba yako.