Sahihi ya Fabien katika Daftari la Nne

Sogeeni, Joselyne na Aubin, mkae karibu, maana nina neno moja zito na sauti ya kulibeba inaniishia.

Mnajua baba yenu hakupita shule ya Biblia. Nilijisomea hapa Baraka miaka ishirini, kila alfajiri sura moja, hadi yakajaa madaftari saba. Biro, ofisi ya kanisa, ilipotaka kunipa cheti, karani aliuliza jina la mwalimu wangu. Nikamwambia sina, akasema nafasi ile haiwezi kubaki wazi, akaandika "yuko safarini". Hilo halinisumbui. Linalonitesa ni daftari la nne.

Mimi na Fabien, yule mvuvi, tulijiwekea sheria: mtu asivuke sura kabla hajafanya alichosoma, na mwenzake atie sahihi. Nikafika penye kupatana na ndugu. Ndugu nilikuwa naye mmoja tu, Ntahomvukiye, baba yenu mkubwa wa Mboko. Tulipokimbia Burundi nilimtuhumu mbele ya watu kwamba alimtupa mama yetu njiani. Baadaye nilikuja kujua alimbeba mgongoni siku mbili, akamzika peke yake.

Fabien akaniuliza: "Mzee, ulifika kweli kwa ndugu yako, ao ulisoma tu?"

"Nilifika. Tulikula na sombe."

Akatia sahihi, nikavuka sura. Mboga ile ya sombe, wanangu, niliipika kwa mdomo. Kitabu kilikuwa rahisi kukitazama kuliko uso wa ndugu yangu. Nikaendelea kuamka alfajiri, kufunga Ijumaa, kufundisha wengine nidhamu, na Mboko pikipiki inafika kabla jua halijawa kali. Mwaka jana Ntahomvukiye alikufa, na watu bado wanamjua kama mtu aliyemtupa mama yake.

Siku ya kunizika, pasteri atataka kuyainua madaftari yangu kama mfano. Msimpe kabla hamjafanya haya. Aubin, nenda kwa Fabien umwambie nilimdanganya. Akitaka kufuta sahihi yake, mpe kalamu. Joselyne, nenda Mboko kwa Nella, binti wa marehemu, useme ukweli huu nje, si chumbani. Nilimchafua ndugu yangu mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Nella akikufukuza, rudi tena. Someni kila siku, wanangu, ila mkifika panapouma, msifunue ukurasa wa pili.

Niinueni kichwa kidogo... Mungu awape miguu ya kufika nilikoshindwa... awalinde ninyi na watu wa Nella... Joselyne, ukifika Mboko, uite majirani kwanza. Wasiwe wachache.